Ndege Isiyopiga Hodi

Siku ile ndege ilipomrusha shangazi yangu mtaroni, mimi nilikuwa juu ya kiwanja kilekile, nacheka.

Subirini, nianze vizuri, maana nikiirukia habari katikati mtapotea, na mimi mwenyewe nitaanza kupiga kelele kabla ya wakati.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa, hapa Njombe. Nje ukungu umelalia miparachichi, hauna haraka na mtu. Ndani sisi sita tumeketi kwenye viti vyetu, kila mmoja kofia imemfunika mpaka puani. Mtu akiingia bila kujua anadhani ni saluni, tumewekwa kwenye draya. Lakini chini ya zile kofia tulikuwa hewani jamani! Ndege sita ndogo, moja nyuma ya nyingine, tumeshaupita mgongo wa Kipengere, tunaingia milima ya Livingstone, na kule mbele Ziwa Nyasa linametameta kama bati jipya.

Viti vyenyewe vinainama ukikata kona. Vinatetemeka upepo ukikushika. Kuna hadi feni inayokupulizia baridi ukipanda juu. Mashine hii ya kuigizia urubani sisi tunaiita simuleta, na kila Jumamosi tunafanya safari moja ya kundi: tunachagua viwanja vya milimani, vile vya nyasi na mawe ambavyo ndege kubwa haziwezi hata kuviota, tunavitembelea kimoja kimoja.

"Atu, bawa lako la kushoto limening'inia," akasema Mwalimu Lwitiko sikioni mwangu. Yeye ndiye kiongozi wetu, anafundisha kemia sekondari, na ndege ya kweli hajawahi kupanda. Hata ngazi ya kubadilishia balbu anaomba mtu aishike.

"Ni upepo, Mwalimu."

"Upepo wa nani? Sote tuna upepo mmoja."

"Wa Atu una gubu," akadakia Sekela, rafiki yangu, ambaye huruka nyuma yangu ili apate kunisema.

Tukafika Igumbwe. Sasa Igumbwe ni kwetu, yaani kwao baba yangu, na ndiyo maana naipenda kuliko viwanja vyote. Milima kule imesimama kama watu waliobishana. Hakuna mahali pa kuweka hata meza ikatulia, isipokuwa pale kiwanjani tu: kipande cha nyasi kilichopanda kidogo kuelekea juu, chini yake korongo, mwisho wake ukuta wa mlima. Unatua ukipanda. Kuna jiwe jeupe kabla ya kiwanja. Ukishalipita jiwe hilo, huwezi tena kuinua ndege ukageuka, utaula mlima. Kwa hiyo kabla ya jiwe uwe umeamua.

Na kwa kuwa pale ndipo penye tambarare peke yake, basi kila kitu kipo pale. Maua ya pareto yanaanikwa pale. Mpira unachezwa pale. Harusi, misiba, mikutano ya ushirika, kondoo wa watu. Zamani za marubani wa kibinadamu, ndege ya misheni ilikuwa haitui moja kwa moja. Inapita kwanza pembeni, chini, taratibu, ikitikisa mabawa. Watu wanakunja mikeka yao, wanafukuza kondoo, halafu mtu mzima mmoja anainua kitenge juu: karibuni. Ndipo rubani anazunguka na kutua. Kule kwetu wanaita kupiga hodi. Shangazi yangu Tusekile alinihadithia, mimi nikamhadithia Mwalimu Lwitiko, na yeye akaifanya sheria ya kundi: hakuna kutua kwa watu bila hodi.

Basi tulikuwa tunapiga hodi. Tunapita chini mmoja mmoja, wale watu wa ndani ya simuleta wanatazama juu, wanakunja mikeka, na Sekela anapiga kelele ile salamu ya kwetu, "Kamweneee!" kana kwamba wanamsikia. Tunacheka. Hiyo ndiyo sehemu tuliyokuwa tunaipenda kuliko zote, maana umeshapita makorongo, jasho limekauka, unasalimia watu.

Simu ikaita ndani ya kofia. Shangazi.

"Shikamoo shangazi! Huwezi kuamini, hapa nilipo niko juu ya..."

"Atu, hii midude yenu haijafundwa?"

Nyuma yake nasikia watu wanapiga mayowe, na mtoto analia.

"Midude gani, shangazi?"

"Mbayuwayu! Imetua sasa hivi. Haikupita, haikuzunguka, imeingia tu kama mlevi anayerudi nyumbani kwake! Nimejitupa mtaroni. Mguu wangu sijui. Kondoo wa Mzee Chaula wamelala pale, Atu, wamelala kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Na watoto walikuwa wametoka pale punde tu kwenda kunywa uji."

Nikavua kofia. Sikumbuki kumwambia mtu chochote. Sekela anasema niliivua nikaibamiza chini, na simuleta ikaniangusha mlimani bila mimi.

*

Mbayuwayu ni zile ndege nyeupe zisizo na rubani. Tangu barabara ya Igumbwe iporomoke masika yaliyopita, dawa za zahanati zinakuja kwa mbayuwayu tu. Chanjo, damu, vidonge vya presha, vyote. Kampuni inayozirusha ndiyo iliyotupatia sisi vile viti na kofia. Bure! Tulipiga hata picha ya shukrani, mimi nimeshika utepe.

Jumatatu kampuni ikamtuma mtu. Bwana Renatus Kihwele, kijana nadhifu, koti la mjini lisilojua baridi ya Njombe. Sekela akampa chai, naye akakishika kikombe kwa mikono miwili kama anaota moto.

"Kwanza poleni," akasema. "Pili, nataka mjue kwamba ninyi ndio walimu wa zile ndege."

Tukatazamana.

"Walimu kivipi?" akauliza Mwalimu Lwitiko.

"Zile kofia zinasoma mapigo ya moyo, jasho, tumbo likikaza. Ndege haiwezi kuandikiwa sheria ya kila korongo, ni nyingi mno. Kwa hiyo tunaifundisha kuogopa. Mahali ambapo mwili wa mtu unaogopa, ndege inajifunza kuwa mwangalifu. Safari zenu za Jumamosi zinaingia humo moja kwa moja. Ndiyo maana hakuna mbayuwayu iliyowahi kugonga mlima." Akatabasamu kidogo. "Ni matumbo yenu hayo."

Kumbe! Sisi tunadhani tunatembea, kumbe tunakamuliwa. Lakini hilo nikalimeza kwanza, kulikuwa na kubwa zaidi.

"Ndege haikumwona shangazi yangu?" nikauliza.

"Ilimwona. Kamera zake ni nzuri sana."

"Ilimwona?"

"Vizuri kabisa, dada. Kuona siyo shida. Shida ni..." Akanywa chai. "Mfumo unachukua vile vipande vya safari ambavyo mwili umeshtuka. Vipande ambavyo mtu ametulia, unavitupa. Haviufundishi kitu."

Mimi nimesoma takwimu chuoni, miaka mitatu, na nilianza kuelewa kabla hajamaliza. Nikahisi masikio yanapata moto.

"Hodi," nikasema.

"Naam?"

"Tunapopiga hodi tunacheka. Hatuogopi chochote. Kwa hiyo mmeitupa hodi. Mmeikata. Halafu tukizunguka na kurudi kutua, pale jiweni moyo unadunda tena, hicho mnakichukua. Na wakati huo watu wameshaondoka kiwanjani, kwa sababu tuliwapigia hodi! Sasa ndege imeona nini? Imeona mara ya kwanza kwa mbali, tukitoka makorongoni mioyo bado inadunda, kiwanja kina watu, mara ya pili hakina. Mara zote. Kila Jumamosi. Imejifunza kwamba watu wanatoweka wenyewe!"

Renatus akaweka kikombe chini polepole.

"Umeieleza vizuri kuliko ripoti yetu," akasema.

"Usinisifie!"

"Atu," Mwalimu Lwitiko akanishika bega.

"Hapana, Mwalimu, niache! Adabu yetu wameitupa jalalani kwa sababu tuliifanya kwa furaha! Tungekuwa tunasalimia watu huku tunatetemeka, wangeihifadhi!"

Sekela akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. "Si mvirudishe tu vile vipande?"

"Havipo tena. Na hata vingekuwepo, mfumo haujui kusoma utulivu. Umejengwa wote juu ya hofu. Kuujenga upya ni miaka, na mvua zinaanza mwezi ujao." Akafungua mkoba. "Kuna njia mbili. Ya kwanza ni uzio. Ijumaa mafundi wanapanda Igumbwe na nyaya. Kiwanja kitakuwa cha ndege tu."

"Na pareto je? Na misiba?" nikauliza.

"Watafute eneo lingine."

"Lingine lipi? Umeshafika Igumbwe wewe? Kule hata kuku anataga kwa kushikilia!"

Sekela akacheka, halafu akajiziba mdomo.

"Ya pili," akaendelea Renatus, na hapo sauti yake ikashuka, "ni kuifundisha ndege kuwaogopa watu. Tunamweka mtu kiwanjani, ndani ya simuleta. Mtu ambaye rubani anamfahamu. Rubani anatua, na... hawezi kumkwepa. Kofia itafanya ionekane kweli. Mwili utashtuka sana. Tukirudia mara za kutosha, ndege itashika."

"Mtu gani?" akauliza Mwalimu, ingawa wote tulikuwa tumeshajua, maana wote walikuwa wananitazama mimi.

*

Nilimpigia shangazi jioni ile, nikiwa jikoni namenya ndizi. Alikuwa amelaza mguu kwenye beseni la maji ya moto na majani, nasikia maji yanachuruzika.

"Umevunjika?"

"Umeteguka tu. Niambie wamesemaje hao."

Nikamweleza yote. Uzio, halafu ile njia nyingine. Nilidhani atalia, au atanitukana. Nikamsikia Shangazi Tusekile akiongeza maji kwenye beseni.

"Kwa hiyo unanigonga wewe?"

"Picha yako, shangazi. Siyo wewe."

"Najua siyo mimi, mimi si niko hapa na beseni. Ninauliza, utanigonga nikiwa nimevaa nini?"

"Shangazi!"

"Usiniwekee ile picha ya shambani na lile sweta. Niweke na lile gauni la njano la Umoja wa Wanawake. Kama nakufa, nife nimependeza."

Nikacheka, halafu nikaanza kulia, na yeye akasikia.

"Sikiliza mwanangu," akasema, sasa bila mzaha. "Babu yako tulimuagia pale kiwanjani siku ya kumzika. Baba yako alichezea mpira pale. Wakileta nyaya, tumeshakubaliana hapa, tutakwenda kukaa katikati, wanawake wote, na mikeka yetu. Hatutoki."

"Na ndege ikija na dawa?"

"Ndege ikija itatukuta."

"Shangazi, haitasimama. Haijui kuwaogopa."

"Basi ifundishe," akasema. "Nipige tu. Mimi nimeshakuruhusu."

Hapo ndipo niliposhindwa kulala, na siyo kwa huruma. Hasira. Kwa nini ruhusa itoke kwake? Yeye ndiye aliyerushwa mtaroni, yeye ndiye anayefukuzwa kiwanjani, na bado yeye ndiye anayetakiwa kuwa mkarimu! Na mimi je? Nikikataa, uzio. Uzio ukija, wanakaa. Wakikaa, ndege. Nikikubali, namgonga mtu aliyenifundisha kusuka nywele. Renatus katika hesabu hii alikuwa wapi? Alikuwa anakunywa chai.

*

Alhamisi tukakutana tena ukumbini. Skrini kubwa ukutani, ili wote waone ninachokiona. Pembeni yake mstari mwekundu unaopanda na kushuka: mimi, moyo wangu.

"Siyo lazima, Atu," Mwalimu Lwitiko akaninong'oneza akinifungia kofia. "Naweza kuanza mimi."

"Wewe humjui, Mwalimu. Hutaogopa vya kutosha."

Nilisikia jinsi nilivyoongea, na nikachukia kwamba nilikuwa nimeshaanza kuongea kama wao.

Nikaruka. Peke yangu safari hii, bila Sekela nyuma. Kipengere, korongo, ziwa. Igumbwe ikatokea. Renatus akanikataza hodi: "Moja kwa moja, dada, tafadhali." Nikashusha pua, nikapunguza moto wa injini, jiwe jeupe likaja, na pale katikati ya kiwanja, juu ya turubai la pareto, amesimama mtu na gauni la njano. Amenipa mgongo. Anageuza maua kwa mkono, vile anavyofanya, kiganja wazi, kama anampapasa mtoto tumbo.

Nikalipita jiwe.

Hapo tena hakuna kugeuka. Niliita. Wote ukumbini walisikia, mimi sikujua kama nimeita. Akageuka, akanitazama, na uso wake haukuwa na woga. Ulikuwa na mshangao tu, kama mtu aliyeingiliwa chumbani.

Kiti kikagonga mara moja. Kizito, halafu laini.

Ndege ikasimama. Feni ikazima. Nilikuwa nimekaa na mikono hewani, siwezi kuirudisha mapajani, na sikioni mwangu sauti ya Renatus, tulivu, ya mtu anayesahihisha daftari:

"Vizuri sana. Tena."

Jamani.

Nilivua ile kofia. Sikuibamiza, niliiweka kwenye kiti taratibu, na Sekela anasema hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu hajawahi kuniona nafanya kitu taratibu. Nikamwendea Renatus.

"Una mama?"

"Dada, najua ni ngumu, lakini tukiacha sasa..."

"Nimekuuliza, una mama?"

"Ninaye. Yuko Kilolo."

"Una picha yake?"

"Nani asiye na picha ya mama yake?"

"Basi mweke."

"Nimweke wapi?"

"Pale. Kwenye pareto. Halafu ukae kiti kile, umgonge, na mimi nitasimama hapa nikuambie vizuri sana, tena."

Akanitazama kama nimemtemea mate. Kweli kabisa, alirudi nyuma hatua moja.

"Mama yangu? Hapana. Hapana, dada, huo ni utovu wa adabu."

"Alaa!" Sekela akapiga makofi. "Kumbe adabu mnaijua! Mimi nilidhani mfumo wenu umeitupa."

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Renatus akaangalia chini.

Mwalimu Lwitiko akasogea katikati yetu, na aliongea kwa upole uleule anaowaongeleshea wanafunzi waliomwaga asidi. "Bwana Renatus, hapa hakuna atakayekaa tena. Mimi sikai. Sekela, hukai?"

"Sikai hata kwa pilau."

"Hakuna anayekaa. Sisi ndio matumbo yenu, umesema mwenyewe, na leo matumbo yamefunga. Sasa Igumbwe watakaa kiwanjani kesho, mbele ya nyaya zenu. Wanawake, na watoto mgongoni. Na kesho ni siku ya ndege ya dawa. Unaijua ile ndege kuliko sisi. Itafanya nini?"

Renatus akaitazama skrini. Alijua. Ndilo lililokuwa linaniudhi kupita yote: alijua tangu Jumatatu, na kujua kwenyewe kulikuwa hakujamgusa mwili.

"Naweza kusimamisha safari ya kesho," akasema.

"Na damu ya zahanati?" nikauliza. "Na ya wiki ijayo? Utasimamisha mpaka lini, mpaka mfumo ujengwe upya?"

Renatus akavua lile koti lake la mjini, akalikunja vizuri, akalitundika kwenye mgongo wa benchi. Akatoa simu, akatafuta picha. Alipoipata akaishika kifuani kidogo kabla ya kuiingiza.

"Sijui kurusha," akasema.

"Mashine itakushikia," akasema Mwalimu. "Wewe shikilia usukani. Ukiuvuta, itapanda."

*

Tuliona yote ukutani. Renatus Kihwele anaruka kama mtu anayebeba maji kwenye sinia. Kule Kipengere alifumba macho, na tulijua kwa sababu kofia inasema. Ule mstari mwekundu ulianza kupanda kabla hata ya korongo.

Igumbwe ikatokea. Kwenye turubai, mwanamke mfupi, kilemba cha bluu, ameinama. Anageuza pareto.

"Moja kwa moja, kaka, tafadhali," nikasema. Ndiyo, nilisema. Sioni aibu.

Alishuka. Mstari mwekundu ukapanda mpaka ukagusa ukingo wa skrini. Pua ya ndege inaelekea kilemba cha bluu, jiwe jeupe linakuja, linakuja, na kabla ya jiwe Renatus akatoa sauti, siyo neno, na akauvuta usukani kwa nguvu zake zote.

Ndege ikapanda pembeni. Ikapita juu ya kiwanja, chini kabisa, mabawa yanatikisika kwa sababu mikono yake inatetemeka. Mwanamke akatazama juu. Wale watu wa simuleta wametengenezwa hivyo, ukipita wanajibu: akaanza kukusanya turubai.

Renatus akazunguka. Akarudi. Mama bado yupo, anakunja pembe ya mwisho, hana haraka, vile mama wote walivyo ukiwasubiri. Akavuta tena. Akapita tena. Hakuna aliyecheka ukumbini. Mwalimu Lwitiko alikuwa ameshika kichwa.

"Angalieni mstari," Sekela akanong'ona.

Nikauangalia, na nikaelewa, nikahisi kama nimepigwa kofi. Moyo wa Renatus ulikuwa juu kabisa, na haukuwa juu wakati wa kugonga, ulikuwa juu wakati wa kupita. Anapiga hodi, na anaogopa. Hicho ndicho kitu ambacho mashine haikuwahi kukiona kwetu. Hodi yenye hofu ndani yake. Taa ndogo ya kijani chini ya skrini, ile inayoonyesha kwamba mfumo unachukua, ikawaka na ikabaki inawaka.

Mara ya tatu kiwanja kikawa kitupu. Mwanamke amesimama kando na turubai kichwani, ameinua kitenge. Renatus akatua. Alitua vibaya, akaruka kama chura, akasimama karibu na ukuta wa mlima.

Akavua kofia. Uso umelowa. Akajifuta kwa mkono wa shati, akatazama taa ya kijani, na kazi yake ikamrudia usoni, nikaiona inarudi.

"Imeshika," akasema. "Inatosha. Hakuna haja ya kurudia."

"Inatosha?" nikauliza.

"Ndiyo. Sikujua kama inawezekana kwa njia hii. Nilidhani lazima..."

"Lazima agongwe," nikammalizia. "Kwa hiyo shangazi yangu alikuwa wa kugongwa, na mama yako wa kupigiwa hodi."

"Dada Atu, sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukukaa! Ungekaa Jumatatu, ungejua Jumatatu! Ulimtazama shangazi yangu pale ukutani ukaona data, ukamtazama mama yako ukaona mtu. Na mimi ulinikataza hodi kwa mdomo wako!"

Akachukua koti lake. Mlangoni akageuka kama anataka kuniomba kitu, na mimi nikamgeuzia mgongo. Wengine wanasema nilikosea, kwamba mtu akishalia mbele yako unamwachia. Sawa. Wao hawajasikia kile kiti kikigonga. Mimi mpaka leo nikimwona shangazi kwenye simu, kabla hajatabasamu, naona kwanza ule uso wa mshangao. Huo nani ataukata?

*

Nyaya zilirudi zilikotoka. Ijumaa wanawake wa Igumbwe walikaa kiwanjani hata hivyo, maana shangazi hakumwamini mtu, na mimi nilikuwa naye kwenye simu, nimeshikilia kitasa cha mlango wangu mpaka kikaniachia alama mkononi.

"Inakuja," akasema. "Naisikia."

"Shangazi, simameni pembeni."

"Ngoja kwanza."

"Shangazi!"

"Ngoja, nimesema." Halafu kelele za injini, halafu upepo kwenye simu, halafu sauti za wanawake, na sikujua kama ni vilio. "Imepita! Atu, imepita chini, inatikisika yenyewe kama ina homa! Hebu toeni mikeka, mama Eliza toa mkeka, inazunguka!"

Ilizunguka mara mbili, kwa sababu kondoo mmoja alikataa kutoka. Shangazi akainua kitenge. Ikatua.

Wiki iliyofuata mbayuwayu ilipotoka Igumbwe kurudi Njombe ilikuwa imebeba gunia. Shangazi alipiga simu kunieleza: viazi vya shamba lake, vya kwanza msimu huu, nimpelekee yule kijana wa kampuni aliyeifundisha ndege adabu, na nimwambie Igumbwe inamshukuru sana, siku akipanda milima atakuta chakula.

Nilimwambia sawa shangazi, salamu zimefika.

Viazi vyenyewe viko hapa jikoni kwangu. Sekela anamenya, Mwalimu Lwitiko anapuliza moto, na mafuta yameshachemka.